Walio Wachache Nao Wasikilizwe



Mtafiti wa sheria atokaye huku kwetu Kericho au Bomet, akapitia Kisii na Migori hata akavuka mpaka pale Isebania, haoni nchi ngeni. Mahindi ni yale yale, na Wakuria wako pande zote mbili. Tofauti ataikuta vikaoni. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano wa kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ana nafasi ndani yake. Katika baraza la kusuluhisha migogoro ya ardhi, wanawake hawapungui watatu.

Lakini funzo kubwa ni la kale zaidi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vyama vingi. Takriban asilimia 80 walitaka chama kimoja kibaki. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, kwa kuwa asilimia 20 nao ni raia, na haki ya raia haipimwi kwa wingi wa mikono iliyoinuliwa. Mwaka 1992 katiba ikabadilishwa.

Je, sisi tulifanya nini siku zizo hizo? Septemba 1991, katika mkutano wa Kapkatet, hapa hapa kwenye chai, wanasiasa waliwatishia waliodai vyama vingi. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba mwaka huo, lakini moto ulikwisha kuwashwa: nyumba ziliteketea Londiani na Molo, na jirani akamfukuza jirani. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilieleza mwaka 1992 kwamba wanasiasa walihusika. Baada ya uchaguzi wa 2007 wachumaji chai wenye asili ya kwingine wakavamiwa tena mashambani. Wengi wetu tulikuwa kanisani Jumapili, na tulinyamaza.

Hatusemi kwamba Tanzania ni paradiso. Aprili 2025 chama kikuu cha upinzani kilizuiwa kushiriki uchaguzi, na kiongozi wake, Tundu Lissu, akashtakiwa kwa uhaini. Mwezi uliofuata, Jaji Mkuu wetu mstaafu Willy Mutunga na wenzake, waliokwenda kufuatilia kesi hiyo, walizuiliwa uwanja wa ndege na kurudishwa nyumbani. Nchi iliyowahi kuwasikiliza wachache iliwaziba midomo. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Nabothi alikuwa mtu mmoja tu mbele ya mfalme Ahabu, lakini damu yake ilidai haki. Kwa hiyo, kabla ya uchaguzi wa 2027, twaomba kila parokia na kila kikundi cha wakulima, hata pale kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, kiwaite wote: mwenye shamba na kibarua, mzaliwa na mhamiaji, mwanamke na kijana. Waulizwe wanaogopa nini, nasi tuahidi mbele yao kwamba hakuna atakayefukuzwa kwa ajili ya kura yake.

Vyama vingi bila jirani salama ni jina tupu. Tusinyamaze tena.