Makongamano ya familia yashuke mpaka sokoni

SAFU YA JUMA
Na Nabintu Furaha

Oktoba 2010 Bukavu ilipokea wageni wa Matembezi ya Dunia ya Wanawake, waliotoka katika nchi zaidi ya 40. Walijadili amani, kazi ya mwanamke, mali ya wote na ukatili. Tarehe 17 maelfu wakajaza barabara za mji. Tangu hapo semina na makongamano juu ya familia hayajakatika, na Muhumba, mtaa wa Ibanda unaoingia ziwani Kivu, umeyazoea.

Yanayozungumzwa katika mikutano hiyo ni mambo mazito. Sheria ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia saini mikataba. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Sasa mke na mume wanatakiwa kupatana. Lakini kifungu cha 444 bado kinasema: mume ndiye mkuu wa nyumba.

Wapo wanaodai kwamba sheria ya 2016 inavunja nyumba. Hapana. Kilichotikisa nyumba za Bukavu ni vita vya 1996 na 1998, vijiji kukimbiwa, na mshahara wa serikali usiotosha hata unga.

Asubuhi sokoni Kadutu mama mbeba mizigo anapanda mlima, kamba imembana kwenye paji la uso, gunia limelala mgongoni. Mwingine anavuka Ruzizi na beseni la nyanya. Jioni fedha waliyopata inagawanywa: chakula, minervali (ada ya shule) ya watoto, mchango wa likelemba (upatu). Nyumba nyingi zinasimama kwa jasho hilo, iwe kifungu cha 444 kinasema hivi au vile.

Mama kama hao mara nyingi hawana cheti cha ndoa. Mahari ilitolewa, ng'ombe au bahasha ya dola, padri au mchungaji akabariki, watu wakala wakanywa. Komini haikupitiwa.

Siku mume anapofariki ndipo pengo linaonekana. Kisheria watoto ni warithi wa daraja la kwanza; mjane yuko katika la pili, pamoja na wazazi na ndugu za marehemu, ingawa ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi. Bila cheti, haki hiyo ataidai kwa karatasi gani, shemeji wakishafika mlangoni?

Kwa hiyo waandaaji wa kongamano lijalo la familia watenge walau siku moja nje ya ukumbi. Waombe komini za Ibanda, Kadutu na Bagira zilete madaftari ya ndoa sokoni, mwanasheria aeleze sheria ya 2016 kwa Kiswahili na Mashi, na waliokwisha kutoa mahari waandikishwe papo hapo. Nawe msomaji, kama ndoa yako haijafika komini, mchukue mwenzako mwende juma hili.