Majina Yabandikwe

Toleo hili limejaa mbolea: bei yake, ubora wake, foleni zake. Jambo moja waandishi wetu wameligusa juujuu tu, nalo ni majina. Nani amepata, na kiasi gani?

Mwaka 2008, Tanzania ilipoanza majaribio ya vocha za pembejeo, kuchagua walengwa waliachiwa wanakijiji wenyewe, kwa kuwa wanajuana. Wachumi Lei Pan na Luc Christiaensen walipofuatilia mkoani Kilimanjaro, walikuta karibu asilimia 60 ya vocha zimechukuliwa na viongozi wa kijiji wa kuchaguliwa. Kwenye vijiji vya mbali, na vile ambako wenye nacho na wasio nacho wamepishana sana, mambo yalikuwa mabaya zaidi.

Hata vocha iliyomfikia mlengwa haikuotesha mahindi kila mara. Mkulima alipaswa kuchangia nusu ya bei. Asiye nayo alisaini vocha, akamwachia wakala, akaondoka na noti chache mfukoni. Wakala akaidai Serikali thamani yote. Kwa mujibu wa makaratasi, mbolea ilikuwa imeshafika shambani.

Ruzuku iliyozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane 2022 ilikuja na mfumo wa kidijitali. Mkulima anaandikishwa, anapewa namba, na mwaka huo mfuko wa urea uliokuwa umevuka shilingi 120,000 aliununua kwa 70,000. Ni hatua kubwa, hatubishi. Ila daftari sasa limo kwenye kompyuta. Ofisa wa wilaya akilifungua anaona ekari 20. Anayejua kwamba ni ekari mbili, tena moja ni mawe matupu, ni jirani, na jirani hajaulizwa.

Tunataka orodha ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji: jina, ekari, mifuko. Isomwe pia kwenye mkutano mkuu, hapohapo yanaposomwa mapato na matumizi. Namba za simu na za vitambulisho zibaki mfumoni.

Tutaambiwa habari ya faragha, na tangu 2022 tunayo sheria ya kulinda taarifa binafsi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha kanuni za kuchapisha majina ya wakulima binafsi waliolipwa ruzuku, baada ya wakulima wa Ujerumani kulalamika. Lakini Umoja huo haukukunja jamvi. Ulitunga kanuni nyingine, majina yakarudi, wakaachwa wale wa kiasi kidogo, euro 1,250 kushuka chini. Mkulima wetu wa mifuko miwili angekuwa miongoni mwa walioachwa, ndiyo maana jina lake tunalitaka kwenye ubao wa kijiji chake, si kwenye tovuti isomwe hadi Ulaya.

Kwenye tovuti tuwekewe wengine. Fedha za ruzuku hazipiti mkononi mwa mkulima; kinachofidiwa ni pengo la bei, na wanaofidiwa ni wafanyabiashara wa mbolea. Msimu ule wa kwanza zilitengwa shilingi bilioni 150. Kampuni ipi ililipwa ngapi, kwa tani ngapi, zilizoshushwa wilaya zipi? Kampuni haina umaskini wa kusitiriwa. Tuanze na orodha hiyo, tena itoke kabla maduka ya pembejeo hayajaanza kuuza mbolea ya msimu ujao.