Mbegu ya Asili Nayo Ilibadilika

Ukitaja jeni mbele ya wakulima wa Tinde, Tanzania, wengi wanajibu kwamba mbegu iliyoguswa jeni imepandikizwa kitu kigeni, na ya asili haijawahi kubadilika. Imani hiyo imeenea hadi maofisini. Si kweli, na anayeumia ni mkulima wa mtama.

Adui wake ni gugu liitwalo kiduha. Maua yake ya zambarau yakionekana, hasara imeshatokea chini. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, hukaa ardhini hata miaka kumi na zaidi. Mzizi wa mtama ukitoa kemikali fulani, zinaota, zinaung'ang'ania na kuunyonya. Unang'oa gugu, mtama umeshadumaa.

Tangu 2002 Tanzania ina mtama unaohimili kiduha: Wahi na Hakika. Ulizalishwa kwa kuchavusha tu, kutokana na mtama uitwao SRN39, katika kazi ya Mwethiopia Gebisa Ejeta wa Chuo Kikuu cha Purdue. Mwaka 2017 ikaelezwa kwa nini SRN39 hauguswi: hauna jeni iitwayo LGS1. Nakala yake ilipotea yenyewe, bila mkono wa maabara. Mzizi hutoa kemikali nyingine, na kiduha kinabaki usingizini.

Mimea huongeza na kupunguza nakala za jeni zake tangu zamani. Soya inayohimili minyoo wa vifuko (cyst nematodes) ina nakala hadi kumi za kipande kiitwacho Rhg1.

Nchini Kenya, Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta anaiondoa LGS1 hiyohiyo kwa zana ya kukatia jeni, CRISPR. Zana yenyewe huweza kuachwa nyuma kwa kuchagua vizazi visivyo nayo. Kigeni kiko wapi hapo? Mahindi yaliyojaribiwa Makutupora, ambayo serikali ya Tanzania ilisimamisha majaribio yake Novemba 2018, yalipewa jeni ya bakteria. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Hofu ya nani atamiliki mbegu ni ya haki, na dawa yake ni sheria. Pia kuna dalili kwamba kukosa LGS1 kunaweza kupunguza ukuaji, na baadhi ya viduha huitikia kemikali ile nyingine. Hayo hayamalizwi kwa marufuku. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru kiruhusiwe kupanda mtama uliohaririwa kwa CRISPR kando ya Wahi na Hakika, kwenye udongo wenye kiduha, chini ya uangalizi, na wakulima wa Tinde waitwe wahesabu wenyewe mashina ya gugu katika kila mstari.