Wazee wa ska hawakunyamaza

Eti The Specials, bendi iliyoanzishwa Coventry mwaka 1977, walipiga zile za zamani tu watu wacheze? Hapana jamani! Albamu yao Encore ya 2019 ilishika namba moja Uingereza, na humo Lynval Golding, mzaliwa wa Jamaika, anasimulia baba yake alivyohamia huko na ubaguzi walioukuta. Alikuwa mzee na bado alisema.

Sasa nyinyi wa mashirika, kila Juni 20 mnatuomba wimbo wa furaha wa kuburudisha wageni. Kwani ska haichezeki? Inachezeka, na maneno yamo. Na wewe kijana mwenzangu, unafuta mstari wa safari yako ili upewe maiki. Urudishe. Wageni watacheza tu.