Kabla ya nyumba mpya, Chwele ipewe dawati la ushauri wa makazi

Chukua kijana wa miaka 24 pale Chwele. Ana kinyozi kando ya soko, analala kwenye chumba cha kukodi nyuma ya maduka, na kila mwezi anaweka kitu kidogo kwenye chama. Siku moja broka anamletea habari tamu: kuna ploti ya hamsini kwa mia inauzwa, mwenyewe amebanwa na karo, bei ni ya kutupa, ila amana itolewe leo leo. Kijana anatuma pesa kwa M-Pesa. Wanaandikiana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wanatia sahihi, mambo kwisha. Miaka miwili baadaye ndugu za muuzaji wanatokea na kumwambia shamba bado liko kwa jina la marehemu babu yao.

Kijana huyu tumemchora kama mfano tu, lakini ukikaa Bungoma au Kitale wiki moja utakutana na wenzake. Kosa lake si uvivu wala ulafi. Siku ile alipohitaji mtu wa kumuuliza, mtu pekee aliyekuwa karibu alikuwa broka, na broka analipwa biashara ikifanyika.

Ndiyo maana tunasema serikali ya Kaunti ya Bungoma iombe na itenge fedha za ruzuku kwa ajili ya ushauri wa makazi, na Chwele iwe ya kwanza kufaidi.

Angalia mambo ambayo kijana wetu angeambiwa kwa dakika ishirini. Kwanza, ardhi ya marehemu haiuzwi kiholela: lazima familia ipitie mirathi mahakamani chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Pili, shamba la kilimo, na sehemu kubwa ya ardhi inayozunguka Chwele ni ya kilimo, huuzwa kwa idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na sheria inataka idhini hiyo iombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba ufanywe. Tatu, kabla hujatoa hata shilingi, unafanya sachi kwenye ofisi ya ardhi ujue jina lililo kwenye hati miliki ni la nani na kama ardhi imewekwa rehani. Hakuna siri hapo. Wakili yeyote anajua. Lakini wakili yuko mjini, ana ada yake, na mahasla wengi humwendea wakati maji yameshamwagika.

Hata kwa wale ambao kununua ardhi bado ni ndoto, kodi nayo ina sheria zake. Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inayolinda mpangaji wa nyumba ya kuishi ambayo kodi yake ya kawaida haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa aina hiyo hafukuzwi kwa sababu landilodi ameamka vibaya. Kuna jopo la kusikiza kesi kama hizo. Kiwango hicho ni cha zamani mno na tunaona kimepitwa na wakati, ila kwenye miji midogo bado kuna vyumba vinavyoangukia hapo. Ni wapangaji wangapi wanajua?

Kwa anayekodi kibanda cha biashara, iko Sura ya 301. Kama huna mkataba wa maandishi, au unao lakini ni wa miaka isiyozidi mitano, mwenye jengo hawezi tu kukupandishia kodi au kukutoa. Anatakiwa akupe ilani rasmi ya angalau miezi miwili, nawe una haki ya kuipinga kwenye jopo. Sasa fikiria soko la Chwele, vinyozi, saluni, maduka ya simu na vibanda vya chipsi vilivyolizunguka. Vijana wanahama kimyakimya kila mwaka kwa neno la mdomo tu.

Halafu kuna nyumba za serikali. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu itiwe sahihi Machi 2024, mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Sheria hiyo imegawa wanufaika kwa kipato: anayepata chini ya Sh20,000 kwa mwezi yuko kwenye kundi la nyumba za jamii, na kuanzia hapo hadi Sh149,000 ni kundi la nyumba za bei nafuu. Maombi yanapitia Boma Yangu. Kwa mtu wa ofisi, hayo ni maelezo ya kutosha. Kwa mama mboga ambaye mapato yake ya Januari si ya Agosti, maswali ndiyo kwanza yanaanza. Aandike kipato gani? Akishindwa kulipa mwezi mmoja, inakuwaje? Amana akiweka, atairudisha vipi akibadili nia? Mtu hapaswi kujibiwa maswali haya na jamaa wa saiba ambaye kazi yake ni kubonyeza tu.

Wengine wameshafanya hivi. Marekani, wizara yao ya nyumba, HUD, ina mpango wa ushauri wa makazi uliotokana na sheria ya mwaka 1968. Mashirika yaliyoidhinishwa hupewa ruzuku ili kumshauri mpangaji anayekaribia kufukuzwa na anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza. Karibu na nyumbani, mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la Practical Action na lililokuwa Baraza la Manispaa ya Kitale walifanya kazi na wakazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa, kwa fedha za wafadhili, wakapanga mitaa yao pamoja. Kwa hiyo mtu asituambie wananchi wa huku hawawezi kukaa mezani na wataalamu.

Pesa zitatoka wapi? Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa Mpango wa Kusaidia Miji ya Kenya, KUSP, na kaunti 45 zikaingizwa. Sehemu ya fedha hizo zilikuwa za kujenga barabara, mitaro na taa. Nyingine zilikuwa ruzuku za kuimarisha taasisi za miji: mafunzo, mipango, watumishi wenye ujuzi. Dirisha kama hilo likifunguliwa tena, kaunti iingie na ombi la dawati la ushauri mkononi. Na tukumbuke kwamba kinachoitwa ruzuku kwa kaunti, kwa nchi ni mkopo. Sisi vijana ndio tutaulipa, basi tuna haki ya kusema utumike vipi.

Tunajua jibu litakuwa nini. Watu wanataka maji na barabara, nani ana wakati wa ofisi za maneno? Hoja hiyo ina uzito, na sisi pia tumeziona ofisi zilizofunguliwa kwa mbwembwe kisha zikabaki na kufuli. Lakini dawati hili halihitaji jengo. Linahitaji chumba kimoja kwenye ofisi ya wadi, meza sokoni siku ya soko, wasaidizi wa kisheria wawili watatu waliofunzwa, na wakili anayepita kwa ratiba inayojulikana. Ushauri uwe bure, kwa Kiswahili na Kibukusu. Kila mwezi ibandikwe ukutani idadi ya waliohudumiwa na kesi zilizomalizika. Mshauri akipatikana akila na mabroka, aende nyumbani.

Kingine: barabara mbovu inaonekana, ndiyo maana inapigiwa kelele. Ploti iliyoliwa na matapeli haionekani. Inabaki moyoni mwa mtu mmoja na familia yake, na akiba ya miaka mitano imekwenda.

Kijana wa Chwele, hili halitakuja lenyewe. Kisheria, kaunti inatakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kabla ya Septemba 1, na waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28. Katikati ya tarehe hizo kuna vikao vya ushiriki wa umma, vile ambavyo wazee hujaza viti na sisi tunasema tuko bize. Safari hii twende. Andika memoranda ya ukurasa mmoja, itie sahihi pamoja na wenzako wa chama au steji ya boda, uipeleke kwa mwakilishi wadi na uombe nakula iliyopigwa muhuri. Wakikuuliza unataka nini, waambie unataka mtu wa kumuuliza kabla hujatuma pesa.