Ilani ya theluji pekee haimwokoi mpanda milima

Mkasa wa Aprili 20, 2013 karibu na Loveland Pass, jimbo la Colorado nchini Marekani, ungali funzo kwa wanaozuru milima msimu wa machipuko. Watu sita walikumbwa na maporomoko ya theluji, watano wakafariki.

Kundi hilo lilikuwa limesoma ilani ya siku hiyo, iliyotaja hatari ya kiwango cha tatu kati ya vitano. Wengi huichukulia nambari hiyo kuwa ya wastani, ilhali vifo vingi hutokea katika kiwango hicho hicho.

Isitoshe, ilani hueleza hali ya eneo zima. Tabaka dhaifu lililofichika ndani ya theluji laweza kuvunjika hata mtu akipita chini ya mteremko, jinsi ilivyotokea hapo. Hivyo, kabla ya kuvuka, yafaa kuchunguza kinachoning’inia juu.