MAKSAI WA KUFUNDISHIA WATATOKA WAPI?

Kijana wa Katumba Songwe atakaye kujifunza kulima kwa plau huenda akawa na nia na nguvu. Linalomkwamisha ni maksai wa kujifunzia.

Yafaa walimu na watumishi wa Serikali walitazame jambo hili, maana maofisini huhesabiwa plau, maksai wakasahauliwa. Plau ni chuma. Hununuliwa leo ikatumika leo. Maksai hufundishwa. Huzoezwa nira akiwa na miaka miwili au mitatu, pamoja na mwenzake wa kimo kimoja, na hupita muda mrefu kabla hajaweza kufuata mstari bila ya mtu kumtangulia. Afaaye kwa mwanafunzi ni yule aliyekwisha kukomaa: plau ikinasa kwenye kisiki hashtuki, na kijana akikosea yeye husimama akamngoja.

Ndiye huyo huyo apelekwaye machinjioni. Umri huo amejaa nyama, bei yake ni nzuri, na mahitaji ya nyumbani hayangoji. Wengine huuawa na ndigana. Waliosalia wana kazi: mvua zikianza katika tambarare hii ya mpunga, mwenye jozi hulima shamba lake na kukodisha kwa jirani. Atamkabidhije mwanafunzi jozi hiyo aipotoshe siku ya malipo? Simlaumu hata kidogo.

Yako mapawatila, yaliyosifiwa sana tangu Kilimo Kwanza kilipotangazwa mwaka 2009. Yana faida. Lakini yanataka mafuta na vipuri, na likifa moja matopeni halikuachii ndama. Mwalimu Nyerere alihimiza mara nyingi kwamba kabla ya trekta tutoke kwanza kwenye jembe la mkono kwenda kwenye plau ya ng'ombe. Mkoa wa Mbeya nao, mwishoni mwa miaka ya 1980, ulikuwa na mradi maalumu wa maksai uliosaidiwa na Kanada. Mradi uliisha, kama miradi inavyoisha.

Rai yangu ni kwamba Halmashauri ya Wilaya ya Kyela inunue jozi chache za maksai waliokomaa, kwa bei ile ile ya mchinjaji, izikabidhi kwa shule zenye mashamba, na iwe marufuku kuzikodisha. Walimu watauliza ni nani atakayewachunga wakati wa likizo. Swali hilo ni la haki: posho ya mchungaji na iandikwe katika bajeti pamoja na ile ya vikao.